Taa ya Korido

Watu wengine wakifunga ndoa hupata video ya harusi. Nesi alipata filamu, tena ya sanaa, na ukitaka kujua tofauti ya vitu hivyo viwili mwulize binamu yake, ila uwe umeshakula na huna safari.

Binamu huyo, mtoto wa shangazi yake, alikwenda kusomea filamu akiwa kijana wa kawaida anayesalimia watu. Alirudi na skafu shingoni, jua likiwa kali vilevile, na tabia ya kufumba jicho moja kila anapoingia chumbani ili kuupima mwanga. Ukoo mzima ukampa jina la Dairekta. Yeye akadhani ni heshima.

Nesi alipopata mchumba, Dairekta akatangaza kwamba zawadi yake ni kuipiga picha harusi yote. Sharti lilikuwa moja tu: mtu yeyote asitoe simu kupiga picha, maana vile vimwanga vya simu vinaua mwanga wa kweli. Watu wakatii. Ndugu hawa wana ugonjwa wa kumtii mtu aliyesoma, hata kama hawajui amesoma nini. Kwa hiyo siku ile, pale nyumbani kwa wazazi wa Nesi ilipofanyika sherehe, kamera ilikuwa moja tu, ya Dairekta, na balaa lote likaanzia hapo.

Kabla hata bibi harusi hajazoea chumba chake kipya, baba yake alijilaza mchana akiwa mzima na hakuamka. Moyo, walisema. Nesi anafanya kazi wodini, ameshawafumba watu macho kwa mikono yake mwenyewe, lakini kifo hiki hakujua akiweke wapi.

Picha za Baba zilikuwepo, za kitambulisho na za ukutani, na katika zote amekakamaa kama mtu anayesomewa mashtaka. Alichokitaka Nesi ni Baba anayetembea, Baba anayeongea. Sauti yake ilikuwa imeanza kumponyoka. Asubuhi akivaa sare huitafuta kichwani, akapata maneno matupu, sauti hakuna. Na sauti hiyo, kama bado ipo duniani, ilikuwa ndani ya kamera ya Dairekta. Kila akimpigia simu hujibiwa, "Filamu inapevuka, dada." Utadhani ndizi.

Huku nyumbani kwa Mama nako kukazuka jambo lake. Baba alikuwa na wazimu mmoja: taa. Mtaani walimwita Mzee Swichi. Akikuta balbu inawaka pasipo na mtu, huizima. Akikuta inawaka palipo na mtu, humwuliza huyo mtu anatafuta nini cha ajabu. Alizima taa za majirani. Siku Nesi alipomtembeza kazini kwake alizima taa ya wodi, mgonjwa akiwa katikati ya kusoma gazeti. Sasa tangu azikwe, taa ya korido nyumbani kwake mwenyewe ilikuwa ikiwaka usiku na mchana. Nesi akija kumwona mama yake huizima. Akija tena huikuta inawaka.

"Mama, unasahau taa."

"Nimeiona," Mama hujibu, kisha huuliza habari za kazini. Nesi akaamua kwamba ni uzee, akamhurumia kitaalamu.

Hakuna refu lisilo na ncha, filamu ikaiva. Jumapili mchana wakakusanyika sebuleni kwa Mama: Nesi na mumewe, fundi bomba asiye na maneno mengi, Mama, na Shangazi, mzazi wa Dairekta, aliyekuja amejipamba utafikiri tuzo anapewa yeye. Dairekta akafunga mapazia, akakataza soda zisifunguliwe kwa sababu ya kelele, kisha akasimama mbele ya televisheni.

"Hii si harusi," alisema. "Harusi ni tukio, na tukio hupita. Mimi nimepiga wakati wenyewe. Humu mwanga ndio unaokumbuka. Msitafute watu."

"Tusitafute watu?" fundi bomba akauliza.

"Watakuja jinsi kumbukumbu zinavyokuja, shemeji. Pembeni."

Na pembeni kweli. Filamu ilianza na pazia. Likapepea. Likatulia. Walipokwisha kulizoea, likapepea tena. Likafuata doa la jua likitambaa ukutani bila haraka yoyote, kisha barafu ikayeyuka kwenye glasi mpaka ikawa maji, na maji nayo yakatazamwa.

"Wifi, pazia lile lilikuwa zuri," Shangazi alimwambia Mama, maana ilibidi mtu aseme kitu.

Ilipofika saa ya kutia saini, saa ambayo kalamu ilimdondoka Nesi mkononi, kamera ilikuwa dirishani ikimwangalia nzi. Bwana harusi alionekana mara moja: sikio la kushoto, limeangazwa vizuri sana.

"Ni lako hilo?" Mama akamwuliza.

"Nadhani, Mama," alijibu fundi bomba, akijipapasa.

"Na bibi harusi je?" Shangazi akadakia. "Mwanangu, bibi harusi umemweka wapi?"

"Si huyo hapo? Ule weupe unaopita kwenye kioo."

"Ahaa," alisema Shangazi. "Amependeza."

Kisha ikaja korido ya nyumba hiyohiyo. Palikuwa na kiti kitupu, na nyuma yake mwanga wa manjano, wa jua linalotua, ulioegemea mgongo wa kiti kwa upole mpaka hata Nesi akakaa sawasawa kutazama. Kiti kikawepo. Kikaendelea kuwepo.

"Baba yuko wapi?" Nesi akauliza.

Dairekta akashusha sauti. "Huyo ndiye Mjomba. Kutokuwepo kwake."

Nesi alidhani hakusikia vizuri. "Kutokuwepo kwake? Siku hiyo si alikuwepo! Alikuwa hapo nje anapanga meza! Umepigaje kutokuwepo kwa mtu ambaye yupo?"

"Sanaa huona mbali, dada."

"Mbali imeona, aliye mbele ya pua yake haikumwona!" Nesi alikuwa ameshasimama, kivuli chake kimefunika televisheni nzima, na pengine hicho ndicho kivuli pekee chenye maana kilichoonekana siku ile. "Baba yangu amekufa. Sina sauti yake. Nimekusubiri wewe na mapazia yako nikitumaini utaniletea hata akikohoa. Ulishinda na kamera kutwa nzima. Vipande vingine viko wapi?"

"Vingine vimeharibika."

"Nani kaviharibu?"

Dairekta aliivua skafu, akaikunja, akaikunjua. "Mjomba," alisema.

Ikabidi aeleze. Ile jioni haikuwa jioni, ilikuwa saa sita mchana. Kwa kuwa korido haina dirisha, alisimamisha taa nyuma ya kiti, akaichomeka karibu na mlango, akaivika karatasi ya manjano ili ifanane na kumbukumbu. Na kila alipoiwasha akarudi kwenye kamera, Mjomba alipita akaizima.

"Nilimwomba, nikamsihi. Mwisho..." Akaikunja skafu tena. "Mwisho nilimfokea. Sauti yangu imo humo. Nilitaka kuvifuta nikashindwa, na kuwaonyesha pia nikashindwa."

"Weka," Mama alisema, bila kuinua sauti.

Akaweka. Kiti kilekile, mwanga uleule. Mara mlango ukalia, na Baba akaingia kwenye picha, mzima, amevaa suti yake ya harusi yenye lebo kwenye mkono, lebo aliyokataa isibanduliwe ili watu wajue ni mpya. Akaitazama taa kwa uchungu.

"Saa sita mchana," akajisemea. "Watu hawa iko siku wataliwashia taa hata jua." Kidole kikaenda ukutani. Tak! Giza.

Nesi akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ile aliyokuwa akiitafuta, na mwishoni ilikuwa na mikwaruzo. Mikwaruzo hiyo alikuwa ameisahau kabisa.

Taa ikawaka tena. Baba akaja tena, safari hii na sahani mkononi, akamaliza kutafuna kwanza, akazima. Ikawaka. Akaja amevua kiatu kimoja kilichokuwa kikimbana, akakaa kwenye kile kiti, akasugua vidole vya mguu, na ule mwanga wa uongo ukamtulia begani na kwenye mvi, ukampendeza. Akainuka, akazima. Shangazi alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, skafu ya mwanawe ameifanya leso.

"Mjomba!" ikafoka sauti ya Dairekta kutoka nyuma ya kamera. "Unaniharibia kazi! Toka hapo, toka!"

Sebuleni hakuna aliyemtazama mwenye sauti. Kwenye picha Baba alishtuka, akaurudisha mkono haraka.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Sikujua bado unaitumia."

Akaondoka kwa heshima zote, korido ikabaki na kiti chake. Halafu bega likachungulia mlangoni, polepole, na mkono mmoja ukanyooka kwenye swichi. Tak!

Lakini kamera ilikuwa haijazimwa, na mle gizani Baba akaongea, karibu kabisa: "Kijana, wewe unapiga picha kiti, na binti yangu anaondoka leo. Twende ukampige yeye. Kesho nikimkumbuka, mimi nitamwonea wapi?"

Hapo ikakatika. Nesi alilia kwa sauti, ule ugumu wa watu wa wodini ameutupa mbali.

"Rudisha," alisema.

Dairekta, macho yake nayo mekundu, akarudisha. Taa ikawaka, Baba akaja kuizima. "Rudisha." Ikawaka, akaja. Hakukosa hata mara moja.

Mama alikuwa ametazama yote mikono ikiwa mapajani. "Si mnaona," alisema hatimaye. "Ikiwaka, anakuja."

Nesi akageuka kumtazama mama yake.

Walipofungua mapazia, nje bado palikuwa peupe. Dairekta alifungua mdomo aseme jambo kuhusu mwanga, Shangazi akamkanyaga mguu. Nesi akatoka kwenda kumletea Mama maji. Kwenye korido balbu ilikuwa ikiwaka bure, mchana kweupe, juu ya kiti kilekile. Mkono wake, mkono wa binti wa Mzee Swichi, ukaenda wenyewe ukutani, kidole kikaigusa swichi. Akasimama hapo. Kisha akaushusha mkono, akapita kwenda jikoni, akaiacha iwake.