Uso Unaofaa Kufadhiliwa

Wakazi wa mtaa wa Bwiza, wenyeji na wakimbizi, mabibi na mabwana: ninayo heshima kubwa kuwatangazia kuundwa kwa Tume Kuu ya Picha za Watoto Wanaotafutiwa Wafadhili Ng'ambo. Tume ina wajumbe wawili. Wa kwanza ni Tantine Daphrose, dada wa baba yangu, ambaye parokia ilimpa kazi hiyo kwa sababu hajui kukataa. Wa pili ni mimi, Régis, mwanafunzi wa shule ya bweni huko milimani, niliyekwama nyumbani kwa sababu magari yanavamiwa njiani, na Tantine alikuwa amechoka kuniona nimelala kwenye kochi lake.

Kwa maneno, kazi ilikuwa nyepesi. Huko Ulaya kuna shirika ambalo watu wake humlipia mtoto minervali, yaani ada ya shule, pamoja na yunifomu na madaftari. Mfadhili humchagua mtoto kwa kutazama picha yake. Sisi tupeleke picha, wao walete shule.

Basi tukawaita wazazi studio kwa Atumani. Sasa, mwambie mama yeyote wa Bwiza kwamba mwanawe anapigwa picha, kisha kaa pembeni utazame. Watoto walikuja wameng'aa kwa mafuta kama mandazi. Jozi moja ya viatu vyeusi ilihama kutoka mtoto hadi mtoto. Atumani aliwasimamisha mbele ya pazia lililochorwa ndege ya abiria, akawashikisha simu ya mezani isiyo na waya. Benite, ambaye mama yake, Consolée, alivuka mpaka kutoka Uvira na anauza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, alivaa gauni la komunyo la binti wa jirani. Alionekana kama mke wa waziri.

Benite hakuwa ameingia darasani tangu wavuke. Alisoma chochote kilichoandikwa: mifuko ya sukari, kuta za baa, matangazo ya misiba. Kila aliponiona aliniuliza shule inafunguliwa lini, kana kwamba funguo ninazo mimi.

Picha zikarudi, zimekataliwa. Bwana Maxime, mwakilishi wa shirika, alitupokea ofisini kwake mjini, feni ikimpepea.

"Mama Daphrose, watoto hawa hawana shida."

"Wana shida, Bwana Maxime. Wengine wanalala juu ya makaratasi."

"Haionekani. Mfadhili anataka kuliona hitaji."

"Samahani, mkubwa," nikasema kwa unyenyekevu wote. "Hitaji linakaa upande gani wa uso, tulipige vizuri?"

Tantine alinifinya mpaka nikaona nyota.

Tukawaomba wazazi warudi, safari hii na nguo za kila siku. Wakarudi na nguo nzuri kuliko za mwanzo. Consolée alikuwa amemsuka Benite upya na kumvika soksi zenye maua.

"Mama Benite, tulisema nguo za kila siku," Tantine akamsihi.

"Tantine Daphrose, we unataka mutoto wangu apigwe picha kama mwizi? Apana. Watu wa Bulaya wataniona mi ni mama gani?"

Atumani akampiga hivyo hivyo. Alikuwa na haki, na Bwana Maxime alikuwa na mamlaka ya kukataa. Picha zikarudi tena. Tantine akaketi barazani bila kuvua viatu, akasema shule zinakaribia kufunguliwa na yeye sasa hajui aombe kwa nani. Benite alikuwa amesimama mlangoni, akisikia.

Hapo mjumbe wa pili wa Tume akachukua madaraka.

Niliazima kamera ndogo ya Atumani na kumpeleka Benite nyuma ya soko, wanakouza makaa. Nilimvika fulana iliyotoboka juu ya gauni lake, nikampaka vumbi jeusi mashavuni. Alicheka mpaka akashika tumbo. Nilimwamuru ahuzunike, akanitolea ulimi. Nikamwambia awaze mbuzi wake amekufa. Akauliza mbuzi gani. Filamu ilikuwa inaisha, jua linazama, nami nikachukia kila mtu: Maxime, wafadhili, hata yeye kwa kuwa na furaha siku isiyofaa. Nikasema neno moja. Uso ukabadilika, na nikabonyeza.

Baadaye nilimwapisha asimwambie mama yake, nami nikaipeleka picha kwa Bwana Maxime kabla Tantine hajaiona.

Mfadhili akapatikana haraka ajabu. Tantine alilia kwa furaha, nami nikajipongeza kimoyomoyo kwa niaba ya mataifa. Kisha, Jumapili moja, Bwana Maxime akabandika kwenye ukuta wa parokia bango kubwa lililotoka Ulaya. Benite, mweusi kwa makaa, machozi yakimtiririka. Chini yake kwa Kifaransa: *Benite hana mtu yeyote.*

Misa haikuwa imeisha, Consolée akawa barazani kwetu, amemkamata binti yake mkono.

"Ulikuwa unaombaomba wapi? Sema! Ku soko? Ku barabara? Mi niko nauza samaki, we unaambia Wazungu hauna mama?"

Benite akakaza midomo.

"Mama Benite, mtoto ana nafasi shuleni," Tantine akasema. "Tusiiharibu kwa hasira."

"Masomo gani? Mutoto wa kuomba barabarani atabaki mu nyumba, nimuchunge. Hiyo feza wapelekee ule hana mutu."

Nilikuwa napiga hatua kuelekea mlango wa nyuma. Benite akageuza kichwa. Alinitazama tu, bila hata kunilaumu, kama mtu anayengoja nimalize. Consolée akafuata macho yake.

"We, Régis. Sababu gani anakuangalia we?"

Nilikuwa na hotuba tayari; mimi huwa nayo daima. Nikaiacha.

"Hakuomba popote, mama. Ni mimi. Makaa nimempaka mimi, fulana nimemvika mimi, na nikamwapisha anyamaze."

Consolée akamwachia mkono.

"Na ile machozi? Ile nayo ulimupaka?"

Tantine alikuwa ananitazama. Benite naye.

"Hapana, mama. Alikuwa anacheka, na mimi nilitaka alie. Nikamwambia hatasoma tena maisha yake yote. Aliniamini."