Udongo Usiochomwa

Kichwa cha tembo kilibaki juu ya maji na hakikutaka kwenda popote.

Tulikuwa kwenye lambo la ng'ombe, nje kidogo ya Ibadakuli, mwezi wa tisa, wakati lambo lenyewe limebaki kama bakuli lililolambwa. Maji yalinifika magotini. Sanamu niliyoifinyanga kwa mikono yangu ilikuwa imekaa kwenye tope, imetulia, masikio mapana, mkonga umepinda kushoto, tumbo limejaa. Wanawake wachache wa Kihindu waliokuja kumsindikiza waliimba wimbo wao hadi ukaisha. Wakaanza tena. Ukaisha tena. Mungu wao hakuyeyuka.

Mchungaji mmoja aliyeleta ng'ombe kunywa alisimama akaegemea fimbo.

"Huyo mmemleta kuzama," alisema, "na kumbe anajua kuogelea."

Ng'ombe wake mmoja alisogea, akanusa sikio la sanamu, akapuliza pua, akaenda kunywa mbali.

Mama Nilesh alikuwa ukingoni, amekaa kwenye kiti cha plastiki kwa sababu ya magoti yake. Ndiye aliyeniagiza ile sanamu.

"Baba Hosiana," aliniita. "Umeichoma?"

"Nimeichoma, mayu. Imeiva vizuri. Haina ufa hata mmoja."

Alifunga macho. Nilidhani anaomba. Kumbe anajizuia asinitukane.

Mimi ni Maige, mchoma matofali. Hosiana ni binti yangu wa kwanza. Shule niliacha darasa la tano, na tangu hapo kazi yangu imekuwa udongo na moto. Kwetu sisi tofali bichi si tofali. Ni tope lililokatwa pembe. Mvua moja tu na linarudi lilikotoka, na jina lako linakwenda nalo.

Mama Nilesh nilimfahamu nilipopeleka matofali ya kujengea upya ukuta wa hekalu lao mjini. Mumewe alikufa zamani, duka la vitambaa alilifunga, na Wahindu wenzake wengi wamehama. Yeye alibaki. Alizaliwa Shinyanga, na Kisukuma alikijua kuliko wanangu, ndiyo maana nilimwita mayu, mama, naye akaitika bila kugeuka. Kila mwaka wao humfinyanga Ganesh, mwenye kichwa cha tembo, yule anayeondoa vizuizi njiani. Humkaribisha kama mgeni, humpa vitamu, humwimbia, halafu humpeleka majini ayeyuke. Sanamu yao ilikuwa ikitoka Mwanza. Mwaka ule fundi wa Mwanza alikuwa mgonjwa.

"Nitengenezee kwa udongo mtupu," aliniambia. "Usitie kitu."

Nilielewa hivi: usitie saruji, usitie rangi. Kuhusu moto hakusema. Kwao hilo halisemwi, kama sisi tusivyomwambia mtu asile mbegu. Kwangu mimi kumkabidhi mtu kazi mbichi ni aibu. Niliiweka sanamu katikati ya tanuru, mahali pasipo na upepo, nikaizungushia matofali kama watu wanavyomzungushia maiti kanga. Nililinda moto ule mwenyewe. Sikumwamini mtu.

Na sababu nyingine ipo, nitaisema. Mwaka ule nilitaka nishike walau kitu kimoja kisichoweza kupotea.

Mdogo wangu Sostenes alikuwa mchimbaji. Alikwenda machimbo madogo upande wa Geita akiwa bado na harufu ya maziwa ya kwetu, na alipata, akakosa, akapata. Akaoa, akamleta mkewe Philomena tumwone, akarudi tena. Kwenye mvua za masika moja, duara walilokuwa wakichimba lilibomoka. Duara ni shimo linaloshuka wima, na kuta zake hushikiliwa na magogo tu. Wenzake walitolewa, wengine hai, wengine wafu. Sostenes hakutolewa.

Niliondoka siku ileile. Nilichimba na watu mpaka watu wakaacha, kisha nikachimba peke yangu mpaka mwenye duara, Mwigulu, akanivuta kwa mkanda wa suruali. Tangu siku hiyo kila kiangazi nilikuwa nakwenda. Nikifunga tanuru, nachukua kamba na taa ya kichwani, napanda basi la Kahama, naunganisha la Geita, nashuka kwenye lile duara kupapasa kifusi. Msiba wetu ulikuwa haujaisha. Nilikuwa nimesema mbele ya ukoo kwamba hatuondoi tanga bila mwili, na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo neno lilikaa. Philomena alikaa nalo pia, nyumbani kwetu Ngokolo, si mjane wala si mke.

Usingizi niliupoteza. Nikikaa, mguu unacheza. Nikila, nasimama katikati ya chakula kwenda kutazama kitu ambacho sikijui. Wateja wangu walisema Maige ana mchwa mwilini. Walisema kweli.

Wiki ile ya lambo Mwigulu alikuwa amepiga simu. Mwamba wa dhahabu umekwisha, magogo yameoza, mbuzi wa watu wanatumbukia. Jumatatu analifukia duara.

"Nipe mwezi mmoja," nilimwambia.

"Nimekupa miaka, kaka. Njoo useme kwaheri au usije. Jumatatu."

Kwa hiyo nilikuwa nimefunga mkoba. Kamba, taa, sururu fupi. Nilipanga nikitoka kwenye lambo nipande basi, nishuke ndani ya duara kabla halijafukiwa, nifike chini kabisa ambako sikuwahi kufika. Philomena aliniona nikikunja kamba.

"Magogo yameoza, shemeji. Umesema mwenyewe."

"Nitashuka polepole."

"Na ukifia humo, nani atakutafuta? Mimi? Nikikosa kukupata, nani atanitafuta mimi? Semeni basi kama ukoo huu umehamia chini tujue."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alirudi kupepeta mchele.

Hayo yote nilikuwa nimeyabeba nikiwa nimesimama kwenye yale maji, na yule tembo wangu aliyeiva ananitazama.

"Nilete nyundo?" nilimwuliza Mama Nilesh. "Nikimponda atazama."

"Mgeni unamsindikiza, humpigi nyundo."

"Basi mwache akae. Ni mzuri. Atakaa hekaluni miaka na miaka."

"Mgeni ukimfungia mlango asiondoke, huyo si mgeni tena, Baba Hosiana. Ni mahabusu." Aligeuka kwa wenzake, wakasemezana Kigujarati, kwa ukali kidogo. Kisha akanirudia. "Wenzangu wanasema tumwulize pandit, kuhani wetu wa Mwanza. Pandit wa Mwanza kabla ya kujibu anakunywa chai kwanza. Jua linazama. Mimi ndiye mkubwa hapa, nimeamua. Chota udongo. Pale, ambapo ng'ombe hawajakanyaga."

Nilichota. Nikauliza nifinyange nini, akasema nifinyange ninavyoweza kwa muda uliopo. Nikatoa donge lenye masikio mawili na mkonga kama kidole. Lilikuwa baya. Mwanafunzi wangu angeniletea kazi kama hiyo ningemfukuza. Yeye akalipokea kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea mtoto, akaniagiza nimtoe majini yule aliyechomwa, akaligusisha lile donge kifuani pa sanamu ili mgeni ahamie humo, akasema maneno yake taratibu, akatia chembe za mchele na punje ya sukari. Wenzake wakaanza kuimba, kwanza mmoja, halafu wote.

"Haya. Mpeleke wewe. Magoti yangu hayanishushi."

"Mimi ni Mkatoliki, mayu."

"Sikukuuliza dini. Nimekuuliza miguu."

Niliingia mpaka maji yakafika mapajani, mahali palipokuwa na kina. Nikaliinamisha lile donge chini ya maji. Udongo mbichi, ukiwa majini, kwanza haufanyi kitu. Halafu unakuwa na utelezi. Halafu unaanza kuondoka, na huoni unakokwenda, unaona tu maji yamekuwa mazito mbele ya tumbo lako. Masikio yalikwenda. Nikafinya. Sikuamua kufinya, mikono ilifinya yenyewe, na kadiri nilivyofinya ndivyo ulivyotoka kwa kasi kati ya vidole.

"Usifinye," alisema kutoka ukingoni. "Fungua."

"Ataondoka."

"Ndiyo kazi yake. Yako ilikuwa kumfinyanga, umeshaifanya. Fungua."

Sikufungua. Nitasema ukweli, sikufungua hata kidogo. Nilisimama pale nimekunja ngumi chini ya maji mpaka wimbo ukaisha, na nilipozitoa ngumi juu na kuzitazama, hazikuwa na kitu. Mchungaji alikuwa bado yupo. Aliwapigia ng'ombe mluzi, akaondoka nao.

Tulipokuwa tunapanda gari Mama Nilesh alinishika mkono kwa sababu ya mteremko. Alijua habari za Sostenes, mji mzima ulizijua. Nilimwambia nakwenda Geita moja kwa moja.

"Kushuka?"

"Kushuka."

Aliketi, akafunga mkanda. "Mimi nina mwanangu Nilesh Uingereza," alisema. "Miaka mingi kila asubuhi nakaa mbele ya Mungu, naiambia roho yangu: leo sitegemei simu yake. Kumlea ilikuwa kazi yangu, nimemlea, imekwisha. Nasema hivyo vizuri kabisa. Halafu natembea na simu hata chooni." Akaitoa kwenye fundo la kanga yake, akaitazama, akairudisha. "Sikufundishi kitu, Maige. Najua tu hiyo kamba ulivyoishika."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Nilipanda basi. Nilitaka mtu anione kwamba sikuyumbishwa na kikongwe mmoja. Nilifika kwenye duara asubuhi ya Jumatatu, jua limetoka, na Mwigulu yupo na vijana wake wa koleo, wamekaa juu ya kifusi wanakula mihogo. Alinisalimia kwa upole ambao sikuupenda. Nilifunga kamba kwenye mti, nikavaa taa, nikakanyaga gogo la kwanza. Likalia. Nikakanyaga la pili, likaachia vumbi jeupe, kama unga. Harufu ya chini ikanipanda, ile baridi ya udongo uliokaa bila hewa, naijua kuliko harufu ya nyumba yangu. Nikasubiri nisikie kitu. Kila mwaka nilikuwa nasubiri hapo, kwenye gogo la pili, kama mtu aliyebisha hodi.

Kulikuwa na udongo. Huo tu.

"Unashuka, kaka?" Mwigulu aliuliza kutoka juu. "Vijana wanasubiri."

"Fukia," nilisema.

"Unasemaje?"

"Umenisikia. Nipe mkono nitoke, ufukie."

Nilichukua koleo moja nikafukia nao. Sikutaka kukaa pembeni kama mgeni. Koleo la kwanza halikusikika likitua, wala la pili, lile duara lilikuwa refu hivyo. Baada ya muda tukaanza kuusikia udongo ukigonga udongo, na vijana wakawa wanapiga soga za mpira, na mmoja akanitania kwamba nafukia kama ninalipwa kwa kila tone la jasho. Nilimtukana kidogo. Nililitaja jina la Sostenes mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Halafu nikaendelea.

Amani sikuipata. Watu wanaokwambia ukiachilia utapata amani, waulize wanauza nini. Nilichopata ni hasira juu ya Mama Nilesh, njia nzima mpaka Kahama, na mguu wangu ulicheza chini ya kiti mpaka abiria wa jirani akahama.

Nyumbani niliwaita ndugu nikawaambia tunaondoa tanga. Mjomba mmoja akauliza mwili uko wapi. Nikamwambia uko ulipo. Alitaka kuendelea, akautazama uso wangu, akaomba maji.

Padri alikuja akasoma misa, tukachinja, watu wakala. Kesho yake asubuhi ikawa kunyoa. Kwa desturi yetu shangazi ndiye hunyoa wafiwa, lakini macho ya shangazi Asteria yamekwisha. Alimnyoa Philomena kwa kupapasa, polepole, na nywele za miaka ile yote zikaanguka kwenye kanga. Philomena alipoinuka alijishika kichwa, akashangaa jinsi kilivyo kidogo. Kisha shangazi akampa yeye wembe, akasema amalizie kunyoa ukoo.

Mimi nilikaa wa mwisho. Kigoda kilikuwa cha chini, magoti yangu yalinifika kifuani. Philomena akamimina maji kichwani, akapaka sabuni, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso anishike.

"Tulia, shemeji."

"Nimetulia."

"Hujatulia. Mguu."

Niliutazama ule mguu. Nikaushika kwa mikono yote miwili. Ukaendelea chini ya mikono yangu, kama kitu cha mtu mwingine. Alisubiri, wembe juu, maji yananichuruzika masikioni. Watu ukumbini walikuwa wanakunywa uji na kusemezana mambo ya mbegu.

"Basi," alisema, na akaanza kuninyoa hivyo hivyo.