Zambarau Imewahi

Mama mtu alikuwa fundi, tena fundi wa kweli, si hawa wa siku hizi wanaofuma kitambaa kimoja cha meza wakataka kupigiwa makofi. Shali zake za lesi zilikuwa nyepesi hata ungeweza kuipitisha moja nzima ndani ya pete ya ndoa. Alizifuma kwa uzi ule unaobadilika rangi wenyewe: donge moja, kwa mfano, linaanza rangi ya maziwa, linaingia buluu, buluu inazama kwenye zambarau, na mwisho kabisa damu ya mzee. Rangi hazina kazi, zinakuja zenyewe. Kazi iko kwenye kuhesabu, na huko ndiko watu wanakotoka jasho. Kila ukitoboa tundu huku, lazima uunganishe vitanzi viwili kule, ndipo nakshi ya majani itoke. Ukisahau mara moja, jani lote linakwenda kombo. Na kitanzi kikikuponyoka, kinateremka safu kwa safu mpaka chini.

Binti yake alijua kufuma, ila si kama yeye. "Una mkono wa suruali isiyo na mkanda," mama alimtania tangu akiwa msichana, na wote wawili walicheka, maana kweli vitanzi vyake vililegea.

Mwaka jana vidole vya mama vilianza kufa ganzi, na macho yakaingia ukungu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha kitu. Alidhani ni uzee tu, akaendelea kufuma, na vitanzi vikamponyoka bila yeye kuhisi. Siku binti alipoiinua shali kitini akakuta majani matatu yamepasuka, alishtuka mpaka akaketi. Angemwambia nini? Tangu afiwe na mumewe, kilichokuwa kikimwamsha mama yule asubuhi na kumfanya achane nywele ni sindano mbili na donge la uzi. Mwenye roho ya kumpokonya hivyo na ajitokeze, maana binti hakuwa nayo.

Basi hakusema. Mama alipolala baada ya chakula cha mchana, binti aliingia jikoni na ile shali, akafumua safu zilizoharibika, akazifuma upya, akairudisha kitini kama ilivyokuwa. Mama aliamka, akaendelea. Kesho yake vivyo hivyo. Shali moja, mbili, nne. Majirani walisifu, na mama akaringa kweli kweli. Binti hakujua kama alilokuwa akifanya ni wema au wizi.

Na siku za mwizi ni arobaini. Zake zilitimia Jumanne moja, saa tisa alasiri. Mama aliketi dirishani, akaitandaza shali mapajani, akaisogeza karibu na pua.

"Zambarau imewahi," alisema.

"Imewahi nini, mama?"

"Nimelala ndiyo kwanza inaanza, kwenye ncha ya jani. Sasa iko safu tatu chini ya ncha." Alisema taratibu, bila ukali. "Mkono unaolegea unakula uzi mwingi, rangi inafika mapema. Nakujua, mwanangu. Nimekufundisha mimi."

Binti hakuwahi kufikiria kwamba macho yasiyoona kitanzi bado yanaona rangi. Ungekuwa uzi mweupe, angedanganya mpaka kesho kutwa.

Mama hakugomba, na heri angegomba. Alishika sindano zake. "Kaa hapa. Usiguse."

Binti alikaa, mikono mapajani. Kitanzi cha kwanza, sawa. Cha tano, cha sita, sawa. Cha nane, sindano ilikipita pembeni, kikabaki wazi, kikaanza kuteremka. Vidole vya binti viliruka vyenyewe.

"Nimesema usiguse. Kimeponyoka?"

"Kimeponyoka."

"Sijahisi chochote." Akafuma tena. "Na hapa?"

"Hapo umeunganisha vitatu."

"Na hapa?"

"Mama, tuache."

"Na hapa?"

Binti alijibu kila alipoulizwa, machozi yakimtiririka, kwa kuwa sasa hata kunyamaza kungekuwa uongo mwingine. Jani lilipasuka mbele yao wote wawili. Angeweza kuliponya kwa dakika tano, na alikatazwa kunyoosha hata kidole. Kwa hiyo alisema: hapo pia, mama. Na hapo. Mwisho mama aliziweka sindano chini, akavipapasa vidole vyake kimoja kimoja kama anayekagua vya mtu mwingine.

"Na ile waliyoisifu majirani?"

"Tuliifuma wote."

"Sikuuliza hivyo."

"Ulipolala nilifumua, nikafuma upya."

"Haya, niambie. Ipi ilikuwa ya mwisho kuwa yangu peke yangu?"

Binti aliikumbuka vizuri. Ilianza kijani ikaishia manjano, haina kosa hata moja. Aliinunua mwanamke mpita njia, aliyegonga mlango kuulizia stendi iko wapi, akaiona, akaipenda, akaondoka nayo ndani ya mfuko wa plastiki. Hawakumuuliza hata jina.

Alimweleza mama yote hayo. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Niliitazama vizuri kabla haijaondoka?"

"Hapana, mama," binti alisema. "Ulikuwa umeshaanza nyingine."