Harusi ya Programu Ikisimama

Mchumba wangu anafundisha hisabati chuoni, na kwetu wanamwita Profesa ingawa uprofesa wenyewe bado. Alipokuja kuniposa, baba alimuuliza harusi lini. Akajibu bila kupepesa macho kwamba tutaoana programu yake ya kompyuta ikisimama. Programu hiyo ilikuwa ikisaka namba moja inayovunja kanuni fulani. Ikiipata inasimama, naye anapata jina. Baba ni seremala, akadhani ni kama gundi, unasubiri tu ikauke. Akakubali.

Miezi ikapita. Kitanda chetu cha harusi kilikuwa tayari karakanani kwa baba na wateja walishaanza kukiulizia bei. Mimi nilichoka kuwajibu mashangazi.

Siku moja Profesa akaingia karakanani anacheka peke yake. Akatuambia chuo chake kimeruhusiwa kutumia kompyuta ya kwantamu.

"Baba, kuna mahesabu ambayo mashine za kawaida zingezeeka nayo, hii inayamaliza upesi."

"Basi harusi imekaribia," baba akasema, akaweka randa chini.

"Ikiwa hiyo namba ipo."

"Na kama haipo?" nikauliza.

"Itaendelea kusaka."

"Mpaka lini?"

"Milele. Ila kwa kasi zaidi."

Nikamuuliza kama hakuna namna ya kujua mapema. Macho yakamng'aa, maskini. Akaeleza kwamba imethibitishwa kabisa: hakuna njia moja ya kujua, kwa kila programu, kama itasimama au la, na hata kwantamu haivuki hapo. Hufundisha hayo kila mwaka, na asiyeyaelewa humfelisha.

"Kwa hiyo," baba akasema taratibu, "ulinipa tarehe ambayo hujui kama ipo."

Profesa akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Niliogopa kuja mikono mitupu," akasema. "Nilitaka binti yako aolewe na mtu aliyepata kitu."

Moyo uliniuma, lakini sikumlegezea kamba. "Kusubiri kwangu kunaisha leo," nikamwambia. "Hilo naweza kukuthibitishia."

Akatazama vumbi la mbao kwenye viatu vyake. "Jumamosi," akasema.

"Jumamosi ipi?" baba akauliza.

"Hii inayokuja. Za mbele zaidi siwezi kuzithibitisha."

Nilifurahi mpaka nikasahau kununa. Baba akataka kujua programu sasa itakuwaje, kama inazimwa.

"Iache iendelee," Profesa akasema. "Ikisimama, itatukuta nyumbani."