Anayekimbia Kimya

Candide alikuwa fundi wa nguo huko Kimanga, mtaa wa mji wa Uvira, na kama mafundi wengi, aliishi ameketi. Asubuhi alikaa mbele ya mashine, mchana alikula hapo hapo, jioni alinyanyuka ameshika kiuno kama mtu aliyeshinda akibeba mchanga. Miguu ilimvimba mpaka viatu vyake vya Jumapili vikamkataa. Muuguzi Eliane alipompima alihamia mkono wa pili, akapima tena. Kisha akamwambia kwamba tansiyo, presha ya damu, imepanda: chumvi ipunguzwe, dawa zimezwe, na mwili utoke jasho kila siku, si siku ya kujisikia tu.

Candide hakuhitaji kuelezwa zaidi. Tansiyo aliijua kwa sura. Ilikaa nyumbani kwake, kwenye kitanda cha karibu na dirisha, katika mwili wa dada yake mkubwa, Gloriose. Huyo Gloriose alikuwa mfanyabiashara wa mchele wa Luberizi, mwanamke wa kupanda juu ya magunia na kubishana na madereva wakamwomba radhi, mpaka siku moja upande wake wa kulia ulipozimika kama taa. Sasa Candide ndiye aliyemwogesha na kumgeuza. Na kila alipomgeuza aliwaza jambo lile lile: nikianguka na mimi, nani atatugeuza sisi wawili?

Basi akanunua raba za mitumba, akaanza kukimbia.

Kuanza si kazi. Kazi ni asubuhi inayofuata. Mvua ikinyesha, Candide alisema njia ina matope. Isiponyesha, alisema ina vumbi. Kukiwa na harusi, kuna magauni ya kumaliza. Harusi ikipita, amechoka na magauni. Mbio zake zikawa zile za sakafuni. Raba zilikaa mlangoni zikimtazama, mwisho akazifunika kwa kikwembe asizione. Gloriose alimcheka kutoka kitandani kwa ile nusu ya mdomo aliyobaki nayo, akamuuliza kama viatu vimefariki, maana vimefunikwa kama maiti.

Neno hilo lilimchoma. Akaanza upya, safari hii kwa hila. Alilala amevaa nguo za kukimbilia, ili asubuhi asipate nafasi ya kujadiliana na nafsi yake. Alitoka kabla watu hawajajaa barabarani, kwa kuwa alikuwa mwanamke mnene na hakutaka mtu auone mwili wake ukicheza. Alipita kando ya kuta, kimya, akashika njia ya Kalundu, akageuka, akarudi. Siku nyingi alitembea kuliko kukimbia. Siku nyingine alirudi akilia kwa kichomi. Lakini alitoka, na kesho yake akatoka tena.

Na kisha ikaja ile asubuhi ambayo mwili ulikubali. Aliondoka Kalundu akirudi, mwanga umeanza kupanda juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, na ghafla pumzi ikafunguka kama mlango uliokuwa umekwama. Miguu haikuwa yake tena, ilikuwa ya msichana. Akaongeza mwendo. Akaongeza tena. Akaingia Kimanga anapaa, jasho linamtiririka, mdomo wazi, kilemba kimefunguka kinaning'inia mgongoni.

Kwenye bomba la maji wanawake walikuwa wamepanga bidoni zao za kuchotea. Mbele yao alikuwa Olga, muuza ndagala, karai lake la samaki ameliweka chini. Olga akamwona jirani yake anakuja kwa kasi hiyo, kichwa wazi, akamuuliza kwa sauti kule atokako kuna nini. Candide hakuwa na pumzi ya kujibu. Akainua mkono, akaelekeza mbele, akimaanisha kwamba anafika nyumbani kwanza, wataongea baadaye.

Wanawake waliuona mkono. Mkono ulisema: kimbieni huku.

Watu wa Uvira hawahitaji kufundishwa kukimbia. Kila mmoja pale alikuwa amewahi kuacha sufuria motoni. Bidoni ziliachwa zikimwagika, mtoto akatupwa mgongoni na kufungwa bila kuangalia kichwa kiko wapi, mlango wa kwanza ukagongwa, wa pili ukafunguka wenyewe. Candide akasikia vishindo nyuma yake. Akageuka, akaona avenue nzima, mtaa wote, inakuja mbio, na roho ikamruka. Kumbe kuna kitu nyuma, akawaza, na mimi nimekipita bila kukiona. Akakimbia kama hajawahi kukimbia maishani.

Aliingia ndani akamshika Gloriose chini ya makwapa, akajaribu kumpandisha mgongoni. Gloriose akamuuliza kuna nini. Akasema vita, watu wote wanakimbia. Gloriose akamuuliza wanamkimbia nani.

"Sijui. Wako nyuma yangu."

"Na weye, mbele yako kulikuwa nani?"

Candide akaikumbuka njia yote. Mbele yake hakukuwa na mtu; wa kwanza kukimbia alikuwa yeye mwenyewe. Akamrudisha dada yake kitandani taratibu, akakaa sakafuni, akaficha uso.

Mpaka habari ikamatwe na kurudishwa, maduka ya barabara kubwa yalikuwa yamefungwa na familia moja ilikuwa imeshavuka mto. Olga alianguka juu ya karai lake mwenyewe, goti likachanika, ndagala zikaenda na kuku. Jioni ile shefu, yaani mkuu wa avenue, mzee Marcellin, alimwita Candide uani kwake. Wanawake walikuwa wamefika mapema. Walimwaga kila walichokuwa nacho moyoni, na Candide alisimama akapokea, macho chini. Alijitetea mara moja tu, kwamba vijana wa klabu ya spoti hukimbia kila Jumamosi na hakuna anayefunga mlango.

Olga, goti limefungwa kitambaa, ndiye aliyemjibu.

"Vijana wanaimba," alisema. "Wanapiga makofi, wako na filimbi. Muntu wa spoti anaimba, Mama. Muntu anakimbia kimya, hiyo iko vita."

Hata Candide mwenyewe aliona kwamba ni kweli, na kwamba amekua katika mji huu bila kujua kwa nini vijana wale huimba. Shefu Marcellin hakumtoza wala kumkataza. Alisema tu kwamba barabara ni ya wote, lakini mioyo ya watu nayo ni ya kuchunga.

Candide aliziweka raba chini kabisa ya sanduku. Hakuna aliyemlaumu kwa kuacha, wengine walimshukuru. Akarudi kwenye kiti chake. Mwezi haukwisha miguu ikajaa tena, kichwa kikaanza kumgonga upande mmoja, na Eliane alipompima akahamia tena mkono wa pili.

Usiku alimweleza Gloriose kila kitu huku akimkanda mkono. Alisema hawezi. Akimbie aimbe, yeye, ambaye kwaya ya parokia ilimwomba kwa upole arudi kwenye viti vya waumini? Peke yake, barabarani, mama mzima? Watasema amerukwa na akili.

Gloriose alisikiliza mpaka mwisho. Maneno yalimtoka kwa shida siku zote, kwa hiyo hakuwa na tabia ya kuyapoteza.

"Minye nikipewa miguu kwa asubuhi moja tu," alisema, "nitaimba uchi."

Candide alicheka mpaka akalia, kisha akalia bila kucheka. Alfajiri akafungua sanduku.

Nyimbo za kanisa zilimshinda. Zilikuwa ndefu, nazo pumzi zake fupi. Mlangoni kwa Olga akatoa kilichokuja mdomoni: *Ni minye Candide, fundi wa mashine, iko spoti tu, mulale, mulale.* Sauti ilitoka kama ya mbuzi aliyekanyagwa. Dirisha likafunguka, mtu akamwomba kwa jina la Mungu abadilishe wimbo. Mwingine akauliza kama ana kibali cha shefu. Candide akaona aibu ya kuvunja shingo, lakini aliona pia jambo jingine: mtu anayeimba hawezi kukimbia zaidi ya nguvu zake. Wimbo ulimpimia mwendo. Kichomi hakikuja.

Akaendelea. Watoto waliujua wimbo kabla ya wiki kwisha, wakawa wanamjibu "mulale" kutoka vitandani. Wanaume wa moto, wale wa pikipiki, waliokuwa wakisubiri abiria wa Luvungi walimpigia honi kwa kuufuatisha. Olga peke yake hakuitikia wimbo. Alimtazama tu akipita, mikono imeshika kiuno, na Candide akajua kwamba goti lile bado halijasamehe.

Kisha ikaja Jumatatu moja. Candide alikuwa ameshona mpaka usiku mwingi nguo za wasimamizi wa harusi, na kulipokaribia kucha mvua nyembamba ilianguka juu ya mabati kwa sauti ile ya kubembeleza. Akajigeuza upande wa pili. Leo hapana, akasema. Leo hakuna atakayenidai. Akalala usingizi mtamu wa mwizi.

Aliamshwa na mlango. Jua lilikuwa limeshatoka. Alifungua akiwa na kikwembe cha kulalia, akamkuta Olga, godoro limekunjwa na kufungwa kamba juu ya kichwa chake.

"Iko nini?" Candide akauliza.

"Weye ndiye utatuambia iko nini. Hatukukusikia ukiimba."

Candide hakuelewa. Olga akamsukuma kidogo kwa kidole ili atazame nje. Kwenye kila lango la avenue watu walikuwa wamesimama, vifurushi miguuni, watoto wamevalishwa sweta mbili mbili. Bomba lilikuwa linatiririka na hakuna aliyechota. Shefu Marcellin alikuwa na simu sikioni, akimtafuta mtu wa Kalundu aliyekuwa hapokei. Wote walikuwa wanautazama mlango wake.

Alitaka kusema kwamba mvua ilinyesha. Alitaka kusema kwamba alichoka, kwamba na yeye ni binadamu, kwamba mbio hizi alizianza kwa ajili ya damu yake na si kwa ajili ya godoro la mtu. Lakini Olga alikuwa anahema; shingo yake ilikuwa inatetemeka chini ya uzito ule, na jinsi alivyosimama, mguu mmoja mbele, ilionekana wazi kwamba goti linamuuma na kwamba angekimbia nalo hivyo hivyo.

"Nililala tu, Mama," Candide alisema. "Samahani. Nililala."

"Basi toka uwaambie," Olga akasema. "Minye hawataniamini."

Hakukuwa na muda wa kuvaa. Candide akafunga kikwembe vizuri kifuani, akaingiza miguu katika raba bila soksi, akatoka kwenye jua. Sauti ilikuwa bado ya usingizi, mbaya kuliko siku zote. *Ni minye Candide.* Kwenye lango la kwanza mwanamume akatua kifurushi, akajifuta uso. *Fundi wa mashine.* Mtoto akavuliwa sweta. Nyuma yake alisikia mtu akicheka, kisha bidoni ya kwanza ikigonga saruji chini ya bomba.

Alikuwa amekusudia kuishia kwenye kona, awaonyeshe tu kwamba ni mzima, arudi kwa dada yake ambaye hajanywa uji. Alipofika kwenye kona akatazama njia ya Kalundu. Mbele, karibu na daraja, mama asiyemjua alikuwa amesimama kando ya barabara, godoro kichwani, anasikiliza.

Candide akavuta pumzi, akaongeza sauti, akaenda.