Maili Mia na Ishirini na Tano kwa Guta

Tarehe tatu Februari sikio langu la kushoto liliharibika kwa ndani, pale panapotunza mizani ya mwili, na tangu siku hiyo siwezi kukaa juu ya baiskeli. Virusi, alisema daktari. Kutembea ningetembea, baada ya mwezi hivi, nikishika kuta. Kupanda juu ya paa, hapana. Baiskeli, hapana. Nina miaka hamsini na moja, na nimeezeka mapaa ya Shropshire, magharibi mwa Uingereza, tangu nilipoacha shule nikiwa na kumi na tano. Kazi ya paa niliiacha iende. Niliuza ngazi zangu wiki hiyohiyo. Baiskeli sikukubali.

Kila Jumapili ya mwisho ya Juni klabu yetu ina mzunguko wa maili mia na ishirini na tano. Mnatoka ukumbi wa kijiji saa moja asubuhi, mnapita vijia vya mashambani hadi Clun, mnarudi kwa upande wa kaskazini. Kadi yako inagongwa muhuri sehemu nne za chai. Saa mbili na nusu jioni, jua bado halijazama, ukumbi unafunga daftari. Ukifika baada ya hapo hujamaliza, hata kama ni dakika moja. Mimi nilikuwa nimemaliza mara ishirini na tatu bila kuruka mwaka, zote pamoja na Clive Hotchkiss.

Clive ni mwalimu wa jiografia, mpole, mrefu kama mlingoti, na mikono yake haijui spana. Alikuja kuniona Machi na keki ya mkewe.

"Tumezungumza kwenye kamati," alisema. "Mwaka huu utakaa meza ya mihuri, pale Clun. Kiti kizuri, chai bure, utatuona wote tukipita."

"Nani anakaa pale sasa?"

"Stan. Na Bernard, yule mwenye nyonga mbovu."

"Stan ana miaka themanini na mbili, Clive."

"Roy, ndugu yangu, si adhabu."

"Sikiliza. Nikimaliza mzunguko kabla ya saa mbili na nusu, meza hiyo mtafutieni mtu mwingine. Nisipomaliza, nitaikalia mpaka nife. Kaiambie kamati."

"Utamaliza kwa kitu gani, kwa punda?"

Glenys, mke wangu, alicheka jikoni. Alikuwa anasikiliza kila kitu. Lakini ni yeye aliyenikumbusha habari za Bi Enid Bebb.

Bi Enid ana miaka sabini na minne. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wakishindana kwa baiskeli za magurudumu matatu. Watu wa aina hiyo wapo kwetu, si wengi, na kila mmoja ni mkaidi. Ile ya mumewe ilikuwa kwenye banda la makaa, imefunikwa gunia, cheni yake bado ina mafuta.

"Bi Enid, sikio langu..." nilianza, uani kwake.

"Sikukuuliza sikio. Panda."

Nilipanda. Nikakanyaga pedali mara nne, nikaingia kwenye ua wa miiba.

Nieleze kwa nini, maana watu hudhani chombo cha magurudumu matatu ni cha watoto. Baiskeli ya kawaida huigeuzi kwa mikono. Unalalia upande kidogo, nayo inakufuata. Hii hailali. Na barabara zetu zimeinuka katikati, zimeinama pembeni. Mwili ukihisi ule mwinamo unadhani unaanguka, mikono inageuza usukani kule unakoangukia ili ikuokoe, na chombo kinakupeleka hukohuko mtaroni. Kadiri ulivyo hodari wa magurudumu mawili, ndivyo unavyoingia mtaroni kwa kasi.

Asubuhi ya tatu nilikuwa nimekaa chini nachomoa miiba kiganjani wakati Denise wa posta alipofika na barua.

"Hicho ndicho kinachokushinda?" aliuliza. "Mimi sijawahi kupanda baiskeli maisha yangu yote."

"Basi jaribu," alisema Bi Enid.

Denise akapanda na mkoba wake wa barua. Akazunguka uani mara mbili, akapiga kengele, akashuka. Hakugusa hata jani.

"Umeona?" Bi Enid aliniambia. "Yeye anaendesha kilichopo. Wewe unaendesha kile ulichokiacha nyumbani. Kalio lako litoe nje, upande wa kona. Litoe! Nani anakutazama? Mimi nimezika mume, kalio lako halinitishi."

Nilienda kila asubuhi, wiki kumi na moja. Niliingia kwenye tuta la vitunguu, kwenye pipa la makaa, kwenye ukuta wa jirani. Aprili nilivunja jino la mbele kwenye usukani. Mei kidole kidogo cha mkono wa kulia. Glenys aliacha kucheka, kisha akaacha kuuliza. Mwisho wa Mei nilitoka barabarani peke yangu, nikaenda maili thelathini na kurudi. Siku ya pili nikaenda tena.

Siku yenyewe tulikuwa watu arobaini mbele ya ukumbi.

"Roy! Nipe aiskrimu moja ya chokoleti, usisahau karanga juu!"

"Hilo guta linabeba friji? Nina friji ya kuhamisha."

"Mtoeni mbele, atatuziba njia yote."

Niliwaambia aiskrimu nitawauzia jioni wakifika wamechelewa. Kisha tukaondoka, na baada ya maili mbili wote walikuwa wamenipita, isipokuwa Clive.

"Nenda," nilimwambia.

"Niko sawa hapa."

"Sikuomba mlinzi."

"Na mimi sikuomba ruhusa yako."

Basi alikaa nyuma yangu kutwa nzima. Baiskeli inapita kati ya mashimo. Guta lina mistari mitatu, ukikwepa shimo moja unakula mengine mawili. Katikati ya vijia vyetu kuna majani, na gurudumu langu la mbele lilipita kwenye majani hayo maili kwa maili. Kila mwinamo wa barabara nilitoa kalio nje kama mtu anayechungulia dirishani. Clun nilikula mkate wa kuchoma na maharage nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingeinuka. Stan alinigongea muhuri, akanisogezea chumvi.

Saa kumi na mbili jioni, maili ya tisini na nane, tulifika chini ya kilima cha Hollin. Hapo ndipo wengi hushuka wakasukuma. Mimi sikushuka. Guta halianguki. Unaweza kwenda polepole kuliko kobe na bado unakwenda, ila ni lazima ukanyage. Niliwapita wanne waliokuwa wakisukuma. Mmoja alinitukana kwa furaha.

Clive alitaka kupanda bila kushuka, kama mimi. Alisimama kwenye pedali kwa nguvu zake zote, na cheni ikakatika. Nilisikia mlio, kisha nikasikia buti zake lamini.

"Roy! Kile kifaa cha cheni unacho?"

Nilikuwa nacho, kwenye mfuko nyuma ya kiti. Miaka ishirini na mitatu nimekuwa nikibeba mimi, na cheni yake ikikatika naunganisha mimi. Kazi ya dakika saba. Niliangalia saa. Ilikuwa imebaki saa mbili na dakika ishirini, na maili ishirini na saba, na mikono yangu sikuwa naihisi tena. Sikujua kama nikisimama miguu itakubali kuanza upya.

Nilichomoa kifaa, nikakidondosha barabarani bila kusimama.

"Roy, sijui kukitumia. Unajua kabisa sijui."

"Utajifunza. Mimi nimejifunza."

"Roy!"

Sikugeuka. Ukigeuka nyuma kwenye guta, unaingia mtaroni. Hiyo ni kweli, lakini sikugeuka hata hivyo.

Upande wa pili kuna mteremko mkali, na chini yake kona ya kushoto mbele ya kanisa. Huko ndiko nilikoogopa tangu Machi. Mwili wote uliniambia nilale kama zamani. Nilitoa kalio nje mpaka goti likagusa majani ya ukuta wa kanisa, gurudumu la ndani likainuka kidogo, likarudi chini, nikapita. Baada ya hapo ilikuwa upepo wa mbele na kukanyaga. Nilihesabu nguzo za umeme. Nikifika mia naanza moja.

Niliingia ukumbini saa mbili na dakika ishirini na moja. Waligonga meza kwa vikombe. Bi Enid alikuwa pale, amevaa kofia yake ya kuendea harusini. Aliangalia magurudumu kwanza, kisha akaniangalia mimi.

"Umeegemea kulia mno," alisema. "Tairi la kulia limekwisha."

Kamati iliandika jina langu, mara ya ishirini na nne, na habari za meza hazikuzungumzwa tena. Jina la Clive halikuandikwa. Mkulima alimleta kwa gari la kondoo saa nne kasoro. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi, vimechubuka. Alikuwa amejaribu. Alikiweka kifaa changu mezani, mbele yangu, akaenda kumtafuta mkewe.

Sasa ni Septemba. Guta niko nalo, Bi Enid amesema libaki kwangu. Limenigharimu hivi: jino moja la mbele. Kidole kidogo cha kulia, ambacho hakikunjiki. Kucha mbili. Kilo tisa za mwili. Asubuhi sabini na saba za Glenys kunywa chai peke yake. Vitunguu vya Bi Enid, mistari mitatu. Kipande cha ukuta wa jirani, mawe kumi na manne, niliyajenga mwenyewe. Dakika saba ambazo sikuzitoa, na mimi nilifika zikiwa zimebaki tisa. Na Jumapili kumi na moja ambazo Clive amepita mbele ya nyumba yangu bila kupiga kengele.