Neno la Kumwambia Mkwe

Mwenze alikuwa mtu wa maneno mengi, isipokuwa mbele ya baba mkwe wake. Katika ofisi ya wanajiolojia ya machimbo ya shaba alibishana na wahandisi mpaka wakachoka wao. Lakini mzee Kalaba akipita tu, Mwenze alitazama viatu vyake na kuanza kukohoa. Ndivyo alivyolelewa: mkwe humwamrishi, humkosoi, wala humpelekei shida yako kwa mdomo wako. Unamtuma mke.

Na mzee Kalaba, kwa bahati mbaya, ndiye aliyekuwa mkuu wa baruti.

Pembeni mwa shimo, upande wa Ruashi, palikuwa na ukuta wa mawe yenye mistari iliyopindana kama kabichi iliyokatwa. Ulikuwa mwamba wa baharini, uliojengwa na vijidudu wakati bahari bado imeifunika Katanga, zamani sana kabla ya matumbawe kuwako duniani. Mwenze ndiye aliyeugundua. Akawaandikia wataalamu wa nchi tatu walioshirikiana kuchunguza matumbawe yanayokufa, nao wakajibu kwamba wanakuja. Wakijua mwamba ule wa kale ulivyostahimili mabadiliko ya bahari, huenda wakajua namna ya kuyaokoa yaliyo hai. Mkurugenzi wa machimbo akakubali ukuta usiguswe, mradi Mwenze mwenyewe apatane na mkuu wa baruti.

Apatane na mkwe! Basi akaamua kumsubiri mkewe, Mimi, aliyekuwa Likasi kwenye matanga. Angerudi Jumapili, ampelekee baba yake kuku, amweleze taratibu. Ijumaa asubuhi Mwenze akakutana na mzee mlangoni mwa machimbo. Mzee akamsalimu, akauliza habari za watoto, kisha akasimama kidogo kama anayehisi kuna jambo. Mwenze akasema watoto wazima. Akapita zake.

Mchana ule madirisha ya ofisi yakatikisika kwa mshindo wa baruti.

Wageni walifika Jumanne. Daktari Salha, mama wa makamo kutoka Zanzibar, alizunguka muda mrefu kwenye kifusi cha ukuta ule. Akaokota kipande, akakipangusa vumbi. Mistari ilionekana vizuri, lakini nani angejua sasa kipi kilikuwa chini na kipi juu?

"Kwetu wavuvi wanalipua matumbawe kwa baruti," alisema. "Miaka nazunguka vijijini kuwaomba waache. Wengi hunijibu, mama, hakuna aliyetuambia." Akamgeukia mzee Kalaba. "Na ninyi?"

"Hakuna muntu alituambia, mama," mzee alijibu, kofia mkononi. Kisha akamtazama mkwewe. "Weye ulijua? Hata siku ile ku mulango?"

"Nilijua, papa."

"Juu ya nini haukusema?"

"Juu weye ni mukwe yangu. Nilikuwa nangoya mutoto yako Mimi arudie."

Mzee alitikisa kichwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Mwenze zaidi. "Ku kazi miye ni chef ya baruti, hapana mukwe," alisema. "Ungesema, ningengoya."

Mwenze alijuta, akajuta tena, na majuto hayakuunganisha jiwe hata moja. Tangu siku hiyo mpaka mzee Kalaba alipostaafu, kila walipokutana mlangoni mzee alisimama na kumuuliza, "Kuko neno?" Mwenze angeweza sasa kumwambia lolote. Lakini kila mara alimjibu tu kwamba watoto wazima.